Kikombe cha Mama Mugo

Alhamisi, jioni. Mtaa wa Dallas, Embu.

Viatu vyangu viko nje ya mlango na sitaki hata kuvitazama. Vina tope la Kibugu hadi kwenye kamba. Huku mjini kulikuwa na mawingu tu, ile baridi ya Julai ya kufunga vifungo vyote vya sweta, lakini kule juu karibu na msitu manyunyu hayakukatika tangu asubuhi na ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai. Nimefika nyumbani saa kumi. Nimeketi. Sijapika chochote, na mimi si mtu wa kuketi.

Leo nilitumwa kazi moja na sikuifanya.

Kwa mgeni aliyepita tu kwenye ukurasa huu: mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sayansi kimu hadi nikachoka kuonja uji wa wanafunzi. Kwa kuzaliwa mimi ni Mmeru, kwa ndoa ni wa Embu, na kwa tabia ni mtu wa kupanga maisha ya wengine. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikifika mbinguni nitawapanga malaika kwa mstari kabla sijaonyeshwa pa kulala. Tangu nistaafu niko katika kikundi cha watu saba. Tunawasaidia watu waliotoka gerezani kuanzisha biashara zao ndogo. Hatumpi mtu pesa mkononi. Tunampa vifaa, tunamfundisha, kisha tunamtembelea.

Mimi ndiye ninayeamua nani afanye biashara gani. Nimeiandika sentensi hiyo polepole.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Kendi. Alitoka jela akiogopa kurudi kwao, tukamtafutia kibanda Nchiru, pale karibu na chuo kikuu, akaanza kuwauzia wanafunzi chapati na ndengu. Wanafunzi hawana muda wa kumuuliza mtu ametoka wapi. Wanauliza kama ndengu zimeiva. Siku hizi Kendi ameajiri msichana wa kumsaidia, na mdomo wa Kendi mwenyewe ni mrefu kuliko wangu, jambo ambalo si rahisi. Nilipomwona amesimama imara hivyo nikajiambia, basi, siri nimeipata. Chakula. Watu wanakula kila siku, wawe na raha au wawe na shida.

Halafu akaja Nyaga.

Nyaga alimuua kaka yake. Hilo siwezi kulizungushia maneno, na yeye mwenyewe halizungushi. Walikuwa wamelewa wote wawili, wakabishana kuhusu mpaka, mistari minne tu ya majani chai, na panga lilikuwa karibu. Kaka aliitwa Mugo, kifungua mimba wa nyumba yao. Mahakama ilisema Nyaga hakukusudia kuua, akafungwa, akakaa ndani miaka kumi. Huko ndani aliwekwa jikoni. Akajifunza kupika uji, maharagwe na chai ya mamia ya watu, na alipotoka alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mpole, anayesubiri umalize kusema ndipo afungue mdomo.

Siku tuliyomhoji nilikuwa nimeshaamua kabla hajaketi. Nikamwambia, wewe ni mpishi, tutakufungulia kibanda cha chai kwenu Kibugu, pale kwenye kituo cha majani chai. Wachumaji wanashuka na vikapu vyao, wameloa, wanatetemeka, wanalisubiri lori. Hata kipofu angewaona wale wateja.

Nyaga alijikuna kichwa. "Mwalimu, jikoni naweza. Lakini kule nyumbani, kupikia watu... sijui."

"Hujui nini?" nikamwambia. "Wewe umepikia jela nzima!"

Wenzangu wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu." Ilikuwa sawa ya mtu aliyezoea kuamrishwa miaka kumi. Mimi nikaiandika kwenye daftari kama ndiyo.

Tulifungua mwezi wa Aprili. Kibanda cha mabati, benchi mbili, jiko kubwa la kuni, masufuria, vikombe vya bati vya rangi ya buluu ambavyo nilivichagua mwenyewe. Tulimwita pasta, kwa sababu huku kwetu hata pampu ya maji haiwashwi bila maombi. Akaomba kwa urefu. Akakemea roho ya umaskini, akayabariki masufuria, watu wakaimba na kupiga makofi. Chai ilipomiminwa, pasta akasema samahani, amefunga. Nikasema sawa, mtumishi wa Mungu. Mzee anayesimamia kituo akasema tumbo lake limemsumbua tangu jana. Wanjira, mjane wa Mugo, alikuja na sare yake ya akina mama wa kanisa, akamshika Nyaga mkono mbele ya kila mtu. Huyu mama alikuwa amemsamehe hata kabla hajatoka gerezani, alisimama kanisani akasema. Lakini chai, alisema, alikuwa ameshakunywa nyumbani.

Siku hiyo Kibugu nzima ilikuwa imeshakunywa chai nyumbani.

Sisi tukarudi mjini tukifurahi. Tulikuwa tumehesabu watu. Hakuna aliyeangalia vikombe.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtukana Nyaga. Hilo ndilo linaloniumiza. Angepigwa mawe ningejua niende kwa chifu, ningejua ninapigana na nani. Watu wanampita wakimsalimia vizuri, wanamuuliza mama yake ameamkaje, wanamwambia Mungu ambariki. Kisha wanakwenda kusimama chini ya paa la kituo na kunywa chai iliyopoa kutoka kwenye chupa walizobeba nyumbani. Anayetaka ya moto anapanda mlima hadi hoteli ya juu, na anarudi akihema. Darasani nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai ya Nyaga ilikuwa nzuri na haikujiuza.

Mwezi jana mchumaji mmoja, mama mwenye umri kama wangu, alinivuta kando. Alikuwa na huruma na mimi, unajua ile huruma ya kumwona mtu amevaa nguo ndani nje.

"Mwalimu," akasema, "na ni nyinyi mlimpea jiko? Si mngempea hata wheelbarrow!"

Basi akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto. Mkono uliomwaga damu ya nyumba yake mwenyewe, na haujaoshwa, watu hawali kutoka kwake. Unaweza kumpenda. Unaweza kumwombea. Unaweza kununua kiti alichotengeneza ukakikalia miaka ishirini. Lakini kitu cha kuingia mdomoni, hapana.

Nyanya yangu kule Meru angeliita hilo mugiro, yaani mwiko, na asingehitaji kulirudia mara mbili. Zamani wazee walikuwa na njia ya kumwosha mtu kama huyo, kwa kondoo na kwa makubaliano ya pande zote. Siku hizi nani ataitisha jambo hilo? Pasta anasema damu ya Yesu ilishaosha yote, kwa hiyo kondoo hana kazi. Wanjira anasema yeye ameshasamehe na hataki mambo ya giza nyumbani kwake. Wazee waliojua jinsi ya kufanya wengine wamekufa na wengine ni wazee wa kanisa. Na pasta mwenyewe hanywi. Na Wanjira mwenyewe hanywi.

Kila mtu amemsamehe Nyaga, na hakuna anayekula kwake.

Kazi zote duniani, na mimi nikampa ile moja. Ningempa mbao na msumeno, wangenunua meza. Ningempa pampu ya baiskeli, wangejaza upepo. Yeye alijaribu kuniambia siku ile ya mahojiano, akijikuna kichwa, na mimi nikamfanya achekwe mbele ya watu. Nilichukua somo la Nchiru, mahali ambapo kila mtu ni mgeni, nikalipeleka Kibugu, mahali ambapo hata mbwa wanajuana kwa majina ya mababu.

Na kuna la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Siku ile mchumaji aliponieleza, nikiwa njiani kurudi, nilikumbuka kwamba nilikuwa nimekwenda kumtembelea Nyaga mara nne na sikuwa nimewahi kunywa chai yake. Mara ya kwanza nilisema presha. Mara ya pili nilisema nina haraka. Mara nyingine nilishika tu kikombe nikaongea, nikaongea, hadi ikapoa. Mimi niliyewafundisha wasichana kwamba uchafu ni vijidudu na mengine ni ujinga. Kichwa changu kimesoma, lakini mkono wangu ulikuwa bado kwa nyanya.

Niliona haya sana.

Sasa nije kwa leo. Kikundi chetu kina sheria. Biashara ikikaa miezi mitatu bila wateja, vifaa vinarudi na kupewa mtu anayefuata. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, na niliitetea kwa kelele. Anayefuata anaitwa Wawira. Alitoka gerezani mwezi wa Mei, ana mapacha, analala kwa dada yake ambaye amechoka naye, na ameshapata nafasi sokoni ya kuuza githeri. Hana jiko. Kikundi hakina jiko lingine. Jumapili tulikaa, tukakubaliana, na mwenyekiti wetu, Mzee Ireri, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye mnaelewana na yule. Enda Alhamisi umwambie pole pole. Monday pickup itapanda kubeba."

Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa.

Nilifika saa tano. Nyaga alikuwa amevaa aproni nyeupe, safi kabisa, chai inachemka, na hakuna mtu ndani isipokuwa mama yake. Mama yake ana miaka themanini na kitu. Watu wote wanamwita Mama Mugo, kwa jina la kifungua mimba wake kama ilivyo desturi, na hawajaacha. Nyaga anasikia jina hilo kutwa nzima, mama yake akisalimiwa kutoka barabarani.

Kila asubuhi mama huyu anapanda kutoka nyumbani kwa fimbo yake, amebeba chakula cha Nyaga kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Leo ilikuwa mukimo. Nyaga anakula hadi mwisho, anakwangua bakuli. Kisha anamimina chai kwenye kikombe cha buluu na kumpa mama kwa mikono miwili. Mama anakipokea kwa mikono miwili. Anakishika kifuani apate joto, wanaongea habari za ng'ombe, habari za majirani, hadi chai inapoa. Kisha anakiweka chini kikiwa kimejaa. Nyaga anakichukua, anamwaga nyuma ya kibanda, anakiosha, anakitundika.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila nilipomtembelea na nikadhani mama hapendi sukari.

Leo niliomba chai. Nyaga alinitazama kidogo kabla ya kumimina. Nje chini ya paa walikuwa wachumaji watatu na vikapu vyao, na mimi nikatoka na kikombe changu nikasimama mbele yao, nikanywa kwa sauti, kama mwanasiasa anayekula mahindi ya kuchoma barabarani ili apigwe picha. Ilikuwa chai tamu. Ina tangawizi, maziwa yamechemka vizuri, haina ile ladha ya moshi. Nikasema kwa nguvu, "Hii chai jamani!"

Mmoja wao alicheka bila ubaya. "Kunywa tu, Mwalimu. Wewe ni wa Meru. Haikuhusu."

Ndivyo ushujaa wangu wote ulivyoishia. Nilikuwa nimejikaza tangu mwezi jana kufanya jambo hilo, na kumbe halinigharimu kitu.

Nikarudi ndani nikaanza kuzungusha maneno. Sikuanza na jiko. Nilianza na Nchiru. Nikamwambia Nyaga kwamba kule hakuna anayemjua, Kendi atamwonyesha njia, wanafunzi watamaliza sufuria mbili kabla ya saa nne.

"Nimekaa mbali miaka kumi, Mwalimu," akasema. "Siendi tena."

Nikamwambia basi abadilishe kazi. Tutamtafutia mbao, randa, msumeno, kidogo kidogo. Afunge chai aanze useremala hapa hapa. Nilikuwa naisogelea ile habari ya kubeba vifaa kama mtu anayesogelea ng'ombe mkali, kwa upande. Nyaga akasikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake. Kisha akaniomba tutoke nyuma, pale anapopanga kuni, mama asisikie.

"Mwalimu, wacha nikuambie ukweli," akasema. "Wateja mimi niliwaachilia kitambo. Hawa hawatakuja, na sina ubaya na wao. Hii jiko nawasha ya mathe. Kila siku namwekea. Siku moja atakunywa. Hiyo siku akikunywa, nitajua nimerudi nyumbani. Hapo sasa nitafunga, na mnaweza beba kila kitu, mpatie mwingine."

Alikuwa anaongea huku akipanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Jumatatu gari litakuja. Maneno matatu tu. Nimewahi kuwaambia wazazi kwamba binti zao wameanguka mtihani, nimewahi kumwambia dada yangu kwamba mume wake hataamka. Leo nilimwambia Nyaga kwamba kuni zake ni kavu sana kwa msimu huu.

Nilipoaga, Mama Mugo alishika fimbo akasema atanisindikiza. Nilikataa kwa sababu ya mvua, lakini huwezi kumkataza mama wa umri ule kumsindikiza mgeni wake. Tulitembea taratibu kwenye manyunyu hadi barabarani, mimi nikiwa nimemshika kiwiko, au labda yeye ndiye alikuwa amenishika. Yeye anaongea Kiembu, mimi namjibu kwa Kimeru changu kilichochanganyika, na tunaelewana bila shida.

Nikamuuliza. Sijui ujasiri niliutoa wapi, maana wa kumwambia mwanawe ulikuwa umenishinda.

"Mama, ile chai. Unaiogopa?"

Alisimama. "Niogope nini? Mkono ule ni mimi niliushika ukiwa hivi," akanionyesha kwa vidole, kitu kidogo kama yai. "Watu wanasema ni damu. Waache waseme, hata mimi nilizaliwa nikiyasikia hayo. Yangu ni mengine."

Akatembea hatua chache tena.

"Nilizaa wawili, Mwalimu. Huyu alipofungwa, walikosekana wote wawili, nikawalilia pamoja. Sasa mmoja amerudi na ananiwekea chai. Siku nitakayokunywa, mambo yatakuwa yameisha. Nitakuwa nimekubali kwamba nimebaki na mmoja."

Walisema wahenga uchungu wa mwana aujua mzazi, na mimi Mungu hakunipa mtoto, kwa hiyo nilimshika kiwiko vizuri zaidi tukaendelea kutembea.

Halafu akacheka, meno mawili matatu yaliyobaki, akanigonga mkono. "Lakini wewe umwambie asichoke. Asiache kunimiminia. Asubuhi nikiamka miguu ikiuma, najiambia kuna kikombe changu kule juu kinangoja nikikatae, na ninatoka kitandani. Asipomimina, nitakuja kufanya nini?"

Akageuka kurudi kwa mwanawe. Mimi nikabaki barabarani, na mvua ikanipiga vizuri, kama ninavyostahili.

Kwa hiyo sasa ninayo yote mawili. Mwana anasubiri kikombe kinywewe ili ajue amerudi. Mama anasubiri kikombe kimiminwe kila siku ili asikinywe. Kila mmoja ameniambia mimi, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nikimwambia Nyaga kwamba mama hatakunywa kamwe, nitakuwa nimemrudisha ndani, na huko hakuna siku ya kutoka. Nikimwambia mama kile kikombe kina maana gani kwa Nyaga, namjua, atakunywa. Atafumba macho akinywe kwa ajili ya mtoto aliye hai, na atamzika Mugo mara ya pili peke yake, bila mtu wa kumshika mkono.

Miaka yote hii nimekuwa nikidhani shida ya watu ni kukosa mpango.

Saa kumi na moja Mzee Ireri alipiga simu. Akauliza kama nimemwambia Nyaga. Nikasema nimemwambia. Akauliza amesema nini. Nikasema hajakataa. Akasema Mungu ni mwema, dereva ameshapatikana.

Nilimdanganya mzee wa miaka sabini, na nilidanganya kwa sauti yangu ya darasani, ile ambayo haitetemeki.

Nusu saa baadaye Wawira akanitumia ujumbe. Ameandika: "Asante sana Mwalimu. Nimeambiwa jiko inakuja Monday. Nimeshaloweka mahindi ya kujaribu. Mungu asikuache." Mahindi ya kujaribu! Leo ni Alhamisi. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Huyu naye si adui wa mtu. Ana watoto wawili na dada aliyechoka, na jiko ambalo kwa haki ni lake, kwa sheria ambayo niliiandika mimi. Nimetazama hata meko yangu ya gesi hapa jikoni nikiwaza, lakini ni ya kupikia mjane mmoja, haiwezi kuivisha githeri ya soko.

Na nikiwapigia wenzangu nikasema ukweli, nitautetea vipi? Nitasimama mbele ya watu sita wenye akili zao niseme jiko libaki Kibugu kwa sababu biashara ya Nyaga ina mteja mmoja, naye hanywi? Wataniuliza kama niko sawa. Wataniambia nipumzike. Wawira atakuwa ameketi pale nje akingoja jibu, na mapacha wake.

Nimeomba. Nimeomba hata vibaya, nimemwambia Mungu kwamba hili ni lake, alichukue, mimi nimeshindwa. Sijasikia lolote isipokuwa mvua, ambayo sasa imeshuka hadi huku Dallas.

Jumatatu gari litatoka mjini saa mbili asubuhi. Litakuwa limeshafika Kibugu, limepakia na kuondoka kabla ya saa nne. Nyaga hatabishana. Nina hakika atawasaidia kubeba, atafunga hata kamba mwenyewe, na atasema sawa. Kisha Mama Mugo atapanda mlima na bakuli lake, aketi kwenye benchi, na hakutakuwa na kitu cha kukataa.

Nina siku tatu za kuwa mtu jasiri. Leo mimi siye.